Picha ya jeraha la mtoto: Kabla mzazi hajabonyeza kamera ya simu

Mtoto anarudi kutoka shuleni akiwa na mistari myekundu mgongoni. Mama anamvua shati, anashtuka, anatoa simu. Anapiga picha tatu haraka haraka huku mkono ukitetemeka. Anazituma kwenye grupu la WhatsApp la familia na swali moja: "Mnaona alichofanyiwa mwanangu?" Kisha anapasha maji, anamwogesha mtoto, analoweka shati lenye doa la damu, na jioni, simu ikiwa imejaa, anafuta picha mbili zilizotoka na ukungu.

Hakuna mzazi mwenye uchungu ambaye hawezi kufanya hayo. Lakini karibu kila hatua hapo inampa nafuu mtu aliyemuumiza mtoto. Miezi sita baadaye, mbele ya hakimu, wakili wa utetezi atauliza maswali mepesi tu. Picha hii ilipigwa lini? Mgongo huu ni wa nani, maana uso hauonekani? Mstari huu una urefu gani? Na zile picha mbili nyingine ziko wapi, zilionyesha nini hata zikafutwa?

Maswali hayo hayakuanza na simu za mkononi. Wapiga picha wa polisi wamekuwa wakiyajibu kwa zaidi ya miaka mia moja, na majibu yao ndiyo yaliyojenga fani ya upigaji picha katika uchunguzi wa kisayansi wa jinai. Kanuni zake za msingi si ngumu, na nyingi haziwahitaji polisi peke yao. Mzazi mwenye simu ya kawaida na rula ya mwanafunzi anaweza kuzifuata.

Karani wa Paris

Mwaka 1879 kijana aliyeitwa Alphonse Bertillon aliajiriwa kuwa karani katika makao makuu ya polisi jijini Paris, Ufaransa. Kazi yake ilikuwa kunakili maelezo ya wahalifu kwenye kadi. Kadi zilijaa maneno yasiyosaidia, kama vile urefu wa wastani, uso wa kawaida, nywele za kawaida. Picha zilikuwepo, ila kila mpiga picha alipiga kwa namna aliyoijua: huyu kwa karibu, yule kwa mbali, mwingine mtuhumiwa akiwa amekaa kama yuko studio na mkewe. Mtu aliyekamatwa mara mbili aliweza kutoa majina mawili na hakuna aliyemtambua.

Bertillon akaleta utaratibu. Kila mtuhumiwa apigwe picha mbili, moja ya mbele na moja ya ubavuni, kwa umbali uleule, mwanga uleule na kiti kilekile. Picha za namna hiyo ndizo ambazo vituo vya polisi duniani vinaendelea kupiga hadi leo. Baadaye akaupeleka utaratibu huohuo kwenye maeneo ya mauaji. Aliweka kamera juu ya stendi ndefu ya miguu mitatu, ikitazama chini moja kwa moja kwenye maiti, na picha zake zikabandikwa kwenye kadi zenye vipimo pembeni ili mpelelezi aweze kukokotoa umbali kati ya mwili, kisu na mlango bila kurudi kwenye nyumba ile.

Oktoba 1902 mtumishi mmoja alikutwa amenyongwa katika nyumba ya daktari wa meno jijini Paris. Kabati la vioo lilikuwa limevunjwa, na kwenye kipande cha kioo kulikuwa na alama za vidole. Bertillon alizipiga picha, akazikuza, kisha akazilinganisha na kadi za watu waliowahi kukamatwa. Zikaoana na za mtu mmoja, na mtu huyo alipopatikana alikiri. Inasemwa mara nyingi kwamba hiyo ni miongoni mwa kesi za mwanzo kabisa za mauaji Ulaya kufumbuliwa kwa alama za vidole pekee. Kichekesho ni kwamba Bertillon mwenyewe hakuwa na imani kubwa na alama za vidole. Yeye aliamini zaidi kupima mwili wa mtu, urefu wa mkono, upana wa kichwa na kadhalika.

Nchini Uswisi, mkemia Rudolph Archibald Reiss alichapisha kitabu kuhusu picha za kimahakama mwaka 1903, na mwaka 1909 akaanzisha katika Chuo Kikuu cha Lausanne shule ya sayansi ya polisi ambayo ipo hadi leo. Tangu hapo picha ya ushahidi ikawa fani inayofundishwa darasani.

Mbali, kati, karibu

Mpiga picha wa polisi anapofika eneo la tukio, kitu cha kwanza ni kutogusa. Hakuna kiti kinachosimamishwa, hakuna shuka linalofunikwa, wala taa isiyowaka kuwashwa, kabla picha hazijapigwa. Kitu kikishasogezwa, hata kikirudishwa palepale, picha inakuwa ya mahali kilipowekwa na polisi.

Halafu anapiga kwa hatua tatu. Kwanza kwa mbali, chumba kizima kutoka kila kona, ili asiyekuwepo aelewe mlango uko wapi na dirisha liko wapi. Pili kwa umbali wa kati, kuonyesha kitu kimoja kikiwa na jirani yake: kisu pamoja na mguu wa meza, kwa mfano. Tatu kwa karibu, kisu peke yake, kwanza bila rula na kisha kikiwa na rula pembeni. Ile ya bila rula inapigwa ili asije mtu akadai kwamba rula iliwekwa kufunika kitu.

Kwa mtoto aliyeumizwa hatua ni hizohizo. Picha ya kwanza inamwonyesha mtoto mzima, uso ukionekana, akiwa amevaa nguo zake. Ya pili inaonyesha mgongo na nyuma ya kichwa, au mkono pamoja na bega, ili ijulikane jeraha liko upande gani wa mwili na ni la mtoto huyo. Ya tatu ni jeraha lenyewe. Wazazi wengi huanza na kuishia kwenye ya tatu, ndiyo maana mahakamani hubaki na picha ya ngozi isiyo na mwenyewe.

Rula inatakiwa ilale usawa mmoja na ngozi, na simu itazame jeraha moja kwa moja, si kwa kuinamia pembeni. Simu ikiinama, sentimita za mbele huonekana ndefu kuliko za nyuma na kipimo hakina maana tena. Wataalamu wana rula yao ya pekee yenye umbo la herufi L na vidude vya mviringo kwenye kona. Picha ikitoka na miduara iliyobonyea kama yai, mtaalamu anajua kamera iliinama na kiasi gani cha kurekebisha. Nyumbani rula ya plastiki iliyomo kwenye mkoba wa shule inatosha. Isipokuwepo, sarafu inasaidia, mradi sarafu yenyewe ihifadhiwe ili ije ipimwe.

Kwa nini kipimo kina uzito hivyo? Alama nyingi mwilini ni nakala ya kilichoziacha: upana wa mkanda, pengo kati ya meno ya mtu mzima na ya mtoto, umbali kati ya vidole vilivyokaba. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni Tanzania, za mwaka 2002, zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyempa idhini, na viandikwe kwenye daftari. Kwa hiyo idadi ya alama mgongoni inaweza kuwa kiini cha kesi nzima. Hapa ndipo mzazi asiyejua anaweza kuteleza. Fimbo ya mviringo ikitua kwa nguvu kwenye ngozi huacha mistari miwili inayokwenda sambamba, katikati pakiwa peupe, kwa sababu damu husukumwa pembeni na kupasua vishipa vya kandokando. Mama anayehesabu mistari minane na kutangaza viboko vinane anaweza kuwa anaangalia viboko vinne. Daktari aliyeiona picha nzuri ya karibu, yenye rula, ataliona hilo mara moja. Picha mbaya itamwacha mama akibishana na daftari la shule, na kwa ubishi huo hata malalamiko yake ya kweli yatatiliwa shaka.

Kenya iliharamisha viboko shuleni mwaka 2001, kwa hiyo huko hata alama moja ina maana.

Mwanga na ngozi nyeusi

Nyayo kwenye vumbi hazipigwi picha kwa mwanga wa juu. Mpelelezi hulaza taa chini, pembeni kabisa, ili kila mfinyo wa soli utoe kivuli chake, kisha huhamisha taa upande mwingine na kupiga tena. Yeyote aliyewahi kutazama ukuta wa nyumba yake jua linapochwa anaijua siri hiyo, maana mabonde ya plasta ambayo mchana hayaonekani hujitokeza yote.

Jeraha lililovimba nalo hutaka mwanga wa upande. Flashi ya simu ikiwa karibu hufanya kinyume chake: hung'aza ngozi, hufuta kivuli, na alama huonekana kama imepakwa mafuta. Mwanga wa mchana karibu na dirisha au kibarazani ni bora. Na kuna adui mwingine ambaye wengi hawamjui. Simu nyingi za siku hizi zimewekewa filta ya urembo inayolainisha ngozi bila kuulizwa, na kazi ya filta hiyo ni kuondoa madoa. Mtu anapiga picha ya alama, simu inaifuta kwa nia njema. Izimwe kabla ya kupiga.

Alama ya damu kuvilia ni ngumu zaidi kwenye ngozi nyeusi, na hilo si kosa la macho ya mzazi. Damu imetulia chini ya ngozi, na rangi ya ngozi iko juu yake kama pazia. Nyekundu na zambarau ambazo vitabu vya Ulaya huzionyesha hazionekani kirahisi. Pengine huonekana weusi uliozidi tu, au hakuna kitu hadi siku ya pili. Tafiti za miaka ya karibuni nchini Marekani zimeonyesha kwamba taa ya rangi ya urujuani, ikitazamwa kupitia kichujio cha njano, hubainisha alama hizo vizuri kuliko taa nyeupe, kwa watu wa rangi zote za ngozi. Vifaa hivyo haviko kwenye kila zahanati. Ambacho mzazi anaweza kufanya ni kupiga picha tena kesho, keshokutwa na siku ya nne, mahali palepale, mwanga uleule, kwa rula ileile, maana alama inayokua na kufifia kwenye mfululizo wa picha hutoa maelezo ambayo picha moja haiwezi.

Jambo moja mzazi asijaribu ni kukisia siku ya jeraha kwa rangi yake. Zamani hata madaktari walifanya hivyo kwa kujiamini. Leo inajulikana kwamba njano huchukua muda fulani kutokea, lakini zaidi ya hapo rangi hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, na hata kati ya shavu na goti la mtoto yuleyule.

Mkono gizani

Katikati ya miaka ya 2000 msichana mmoja nchini Uingereza alimwambia mama yake kwamba usiku baba yake huingia chumbani kwake na kumshika. Mama hakumwamini. Msichana yule akaacha kamera ya kompyuta yake ikirekodi usiku kucha.

Gizani kamera ile ilijibadili yenyewe ikarekodi kwa miale ya infraredi, ambayo jicho la mtu haliioni. Alfajiri ukaonekana mkono, kuanzia vidole hadi chini ya kiwiko, ukinyooka kuelekea kitandani. Uso haukuonekana. Lakini damu inayorudi kwenye moyo, ambayo imekwisha kutoa oksijeni yake, hunyonya miale hiyo, kwa hiyo mishipa iliyo karibu na ngozi ilijitokeza myeusi kama mito kwenye ramani.

Polisi wakaipeleka video kwa Profesa Sue Black, mtaalamu wa anatomia katika Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland. Hakuwa amewahi kuulizwa swali kama hilo. Alijua kutokana na vitabu vya zamani vya anatomia kwamba mishipa ya nyuma ya mkono haipangiki sawa kwa watu wawili, na hata mkono wa kulia wa mtu haufanani na wa kushoto. Mkono wa baba ukapigwa picha, ukalinganishwa na ule wa kwenye video, na mpangilio ukaoana.

Jopo la raia wanaoamua hatia katika mahakama za huko likamwachia huru yule baba. Black alimuuliza wakili kama sayansi yake ndiyo iliyokuwa na kasoro. Kwa maelezo ambayo ameyatoa mara nyingi hadharani, jibu lilikuwa hapana: jopo halikumwamini msichana, kwa sababu hakulia vya kutosha.

Inauma kusoma hivyo, hasa kwa mzazi wa binti. Mtoto alisema, hakusikilizwa. Akatafuta ushahidi mwenyewe, akaupata. Na bado watu wazima wakapima machozi yake badala ya picha. Wapelelezi wengi wa kesi za watoto watasema kwamba mtoto asiyelia ni wa kawaida kabisa. Wapo wanaoganda, na wapo wanaosimulia kwa sauti kavu kama wanasoma kitabu.

Kazi ya Black haikufia pale. Timu yake iliendelea kuchambua mikono kwenye picha na video za watu waliodhulumu watoto, wakiangalia mishipa, makovu, madoadoa, mikunjo ya ngozi kwenye viungo vya vidole na umbo la kucha. Mara nyingi mshtakiwa akiwekewa picha za mkono wake kando ya zile za tukio hubadili kauli na kukiri, na mtoto hatakiwi tena kupanda kizimbani. Mwaka 2019, akiwa Chuo Kikuu cha Lancaster, alianza mradi mkubwa uliowaomba watu wa kawaida watume picha za mikono yao, ili ijulikane kwa takwimu ni kwa kiasi gani mkono wa mtu mmoja hutofautiana na wa wengine. Bila takwimu hizo, wakili makini anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza: umejuaje kwamba hakuna mwingine mwenye mishipa kama hii?

Uso uliokorogwa

Tukio jingine linawahusu zaidi wazazi wanaoweka picha za watoto mtandaoni. Polisi wa Ujerumani walikuta kwenye intaneti picha zipatazo 200 za mwanamume akiwadhulumu watoto huko Vietnam na Cambodia. Uso wake alikuwa ameukoroga kwa programu ya kompyuta, ukaonekana kama maziwa yanayozungushwa kwenye kikombe cha chai. Aliamini amejificha. Wataalamu wa Ujerumani waliizungusha picha kinyumenyume, na uso ukarudi. Oktoba 2007 shirika la polisi wa kimataifa, Interpol, likaitangaza sura ile kwa umma, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na kabla wiki mbili hazijaisha mtu huyo, raia wa Canada aliyekuwa akifundisha Kiingereza Asia, alikamatwa Thailand.

Kukoroga hakuondoi taarifa, huzihamisha tu. Vivyo hivyo kwa mzazi anayeufunika uso wa mtoto kwa kalamu ya simu inayopitisha mwanga kidogo: mtu akiongeza mwangaza wa picha, uso huchungulia. Kuficha kwa kweli ni kuweka umbo jeusi zito lisilopitisha kitu na kuhifadhi nakala mpya, au kutoweka picha hiyo kabisa.

Wapelelezi nao hutumia udadisi huohuo kwa faida ya watoto. Juni 2017 shirika la polisi la Ulaya, Europol, lilianza kuonyesha umma vipande vidogo vilivyokatwa kutoka kwenye picha za watoto wanaodhulumiwa, bila mtoto mwenyewe: chupa ya shampuu, pazia, mfuko wa duka, fulana. Mtu anayelitambua duka au pazia hilo hutuma taarifa, na kwa njia hiyo nchi aliko mtoto inaweza kujulikana. Hata kamera huacha saini yake. Kioo cha ndani kinachopokea mwanga kina hitilafu ndogondogo za kiwandani, na hitilafu hizo hujirudia kwenye kila picha ambayo kamera hiyo inapiga. Profesa Jessica Fridrich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, walionyesha mwaka 2006 jinsi ya kuzisoma na kuioanisha picha na kamera iliyoipiga.

Ikiwa polisi wanaweza kumpata mtoto kwa pazia, mtu mbaya anaweza kumpata kwa beji ya sweta la shule. Mzazi anayeweka picha ya siku ya kwanza ya darasa la kwanza anafaa kuitazama kwa macho hayo.

Simu, WhatsApp na steshenari

Kila picha ya simu hubeba ndani yake maelezo yasiyoonekana: tarehe, saa, aina ya simu, na pengine mahali ilipopigwa. Maelezo hayo ndiyo jibu la swali la "lini". WhatsApp inapotuma picha kwa njia ya kawaida huibana iwe nyepesi na kuyaondoa mengi ya maelezo hayo, kwa hiyo ile iliyofika kwa shangazi si picha ileile iliyopo kwa mama. Ikibidi kutumwa kwa mpelelezi, itumwe kama dokumenti, au bora mpelelezi aitoe kwenye simu yenyewe.

Ya kwanza kabisa ibaki kwenye simu bila kuguswa. Isikatwe kingo, isiongezwe mwanga, isichorwe mshale. Nakala ndiyo ya kuchorwa. Na zile mbovu zenye ukungu zibaki pia, kwa sababu faili za baadhi ya simu zina namba zinazofuatana, na namba inayorukwa huzua maneno. Mzazi anaweza pia kuandika kwenye daftari, siku hiyohiyo, nani alipiga, saa ngapi, chumba gani na nani mwingine alikuwepo. Wapiga picha wa polisi huandika hivyo kila wanapofanya kazi.

Sheria zinaangalia hayo hasa. Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama ipime jinsi taarifa ya kielektroniki ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na kutumwa, na kama imebaki salama bila kubadilishwa. Kenya, Sheria ya Ushahidi inataka hati ya uthibitisho iambatane na ushahidi wa namna hiyo. Wasiwasi si wa bure: siku hizi yeyote mwenye simu anaweza kutengeneza picha ya kitu ambacho hakikutokea.

Steshenari ya mtaani ni mtego mwingine. Mzazi anakwenda kusafisha picha, kijana anazihamishia kwenye kompyuta ya duka, anazichapa, anapokea fedha yake, na picha za mtoto zinabaki pale. Polisi wakizihitaji kwenye karatasi, wana utaratibu wao wa kuzichapa.

Picha ambazo mzazi hapigi

Ikiwa mtoto ameguswa au kuumizwa sehemu za siri, simu iwekwe chini. Uchunguzi huo ni wa daktari, ambaye ana taa, vifaa na fomu, na anajua kuufanya mara moja badala ya mara tano. Mtoto aliyekwisha kuvuliwa nguo na mtu mbaya hahitaji kuvuliwa tena na kupigwa picha na mama, baba mdogo na jirani. Tena Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, na ya Kenya ya mwaka 2018, haziangalii kwa upole picha za ngono za mtoto zinazozunguka kwenye simu. Mzazi mwenye nia njema kabisa anaweza kujikuta akihojiwa yeye.

Katika hali hiyo cha kuwahi ni hospitali. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Mtoto asiogeshwe kwanza, ingawa kila kiungo cha mzazi kitatamani kumwogesha. Nguo alizovaa zisifuliwe. Kila moja iwekwe kwenye bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu unyevu hufuga ukungu na ukungu huharibu vinasaba. Alama ya meno nayo isifutwe. Wataalamu wengi siku hizi hawakubali tena kumtaja mtu kwa kulinganisha meno na alama kwenye ngozi, lakini mate yaliyobaki juu yake yanaweza kumtaja.

Polisi Tanzania wana Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vingi, na hapo ndipo mzazi huomba fomu ya PF3 ambayo daktari ataijaza. Kenya fomu hiyo ni P3. Simu ya bure ya kumsaidia mtoto, 116, inafanya kazi katika nchi zote mbili.

Mpelelezi anaweza kuitaka simu yenye picha iwe kielelezo, na kesi ikichukua muda, simu nayo itakaa huko. Mzazi ana haki ya kupewa hati inayoonyesha simu gani imechukuliwa, lini na na nani. Aisome kabla ya kusaini, ahakikishe namba ya IMEI iliyoandikwa ndiyo ile inayoonekana akibonyeza *#06#, na nakala yake aiweke pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto.